Mji wa Lamu na Msitu Uliouzaa

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maofisa na askari wa Jeshi la Ulinzi na wa Jeshi la Polisi mlioko makambini, vituoni na kwenye malindo ya mipakani, katika mazungumzo yetu juu ya nchi jirani leo twaelekea kaskazini, katika pwani ya Kenya, hadi visiwa vya Lamu.

Huenda mmoja wenu akauliza: askari ana shughuli gani na majumba ya kale, na miti iotayo topeni? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa kuisimulia historia ya mahali penyewe. Kwa sasa itoshe kusema kwamba askari amekabidhiwa kuilinda nchi, na mlinzi asiyekijua anachokilinda aweza kukivunja kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anatimiza wajibu.

Tuanze na vita. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate, likishirikiana na la Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa, liliteremka katika ufuko wa Shela, mwendo mfupi kusini ya mji wa Lamu. Nia yao ilikuwa kuutiisha mji huo. Watu wa Lamu walitoka wakapigana nao, na wavamizi walipozidiwa walirudi mbio kuelekea vyombo vyao. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba walipofika ufukoni walivikuta vyombo vimekaa juu ya mchanga, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Wengi waliuawa papo hapo. Waliotoka Pate na Mombasa nao walikuwa watu wa bahari, wala hawakuwa wageni wa kupwa na kujaa. Lakini siku ile hesabu yao ya maji haikulingana na hesabu yao ya vita, na pwani haina huruma kwa kosa la namna hiyo.

Baada ya ushindi huo watu wa Lamu waliogopa kisasi. Wakapeleka ujumbe Oman kwa Seyyid Said, naye akawaletea liwali pamoja na askari. Ngome iliyoanza kujengwa katika miaka hiyo ilimalizika yapata mwaka 1821, nayo ingali imesimama katikati ya mji. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliigeuza kuwa gereza mwaka 1910, na gereza likaendelea hata baada ya Uhuru wa Kenya, mpaka mwaka 1984 lilipofungwa na jengo kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuta zilizofungia watu kwa zaidi ya miaka 70 sasa huwapokea wanafunzi wanaokuja kusoma na wazee wanaokuja kukutana.

Mtu akiingia ndani ya ngome hiyo, au ndani ya nyumba yoyote ya mawe ya mji wa Lamu, na akainua macho kutazama dari, ataona miti iliyonyooka, imepangwa sambamba, mmoja baada ya mwingine, kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ni boriti, nazo zimetoka katika msitu wa mikoko ulio ng'ambo ya maji. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hayo hushindiliwa chokaa. Kuta zenyewe ni za matumbawe, zimeunganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo imepatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo yaliyorundikwa. Hata zidaka zile nzuri zilizochongwa ukutani, ambazo wageni husafiri mbali kuja kuzitazama, ni kazi ya chokaa hiyo hiyo.

Tena kuna jambo la kuzingatia zaidi. Vyumba vya nyumba za Lamu ni virefu lakini vyembamba. Upana wake kwa kawaida ni mita mbili na nusu hadi tatu. Mgeni hudhani kwamba wajenzi walipenda hivyo kwa uzuri tu. Kumbe kipimo cha chumba kilitolewa na mti. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito wa dari ya mawe kwa upana uzidio huo, na kwa hiyo fundi alijenga kwa kadiri msitu ulivyomruhusu. Ndiyo kusema kwamba ramani ya kila nyumba ya Lamu imeandikwa kwanza topeni, kabla ya kuandikwa katika kichwa cha fundi.

Habari hii ni ya kale kuliko mji uonekanao leo. Nyumba nyingi za mawe za Lamu asili yake ni karne ya 18 na ya 19. Lakini katika kisiwa jirani cha Pate, mahali paitwapo Shanga, wachimbuzi wa mambo ya kale walioanza kazi mwaka 1980 walikuta mabaki ya misikiti ya karne ya 8, ambayo ya kwanza yake ilijengwa kwa miti, kabla ya watu kuanza kujenga kwa mawe. Kwa hiyo utamaduni wa Waswahili wa visiwa hivyo umekaa ubavuni mwa msitu huo kwa muda wa miaka 1,200 na zaidi.

Msitu huo haukuwajengea Waswahili peke yao. Katika karne ya 10, mwanajiografia Al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari mashuhuri ya Uajemi, zilijengwa kwa miti ambayo sehemu yake ililetwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii. Tangu zama hizo mpaka karne ya 20, majahazi yalishuka kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi kwa upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti. Katika miji ya Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti mirefu ni adimu, dari za nyumba za wakubwa na za wadogo zilishikwa na miti ya Lamu na ya Rufiji. Boriti zilihesabiwa kwa korja, na korja moja ni miti 20. Kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, boriti, nguzo; na kila jina lilikuwa na kazi yake na bei yake.

Waliokata miti hiyo walikuwa mafundi wa aina yao. Waliondoka majumbani mwao katika vijiji vya Pate, Faza, Kizingitini na Ndau, wakaenda kupiga kambi kando ya mikondo kwa majuma kadhaa. Waliingia msituni maji yakikupwa, wakatembea katika tope lifikalo magotini, na maji yalipojaa wakasukuma mashua zao hadi pale walipoilaza miti. Fundi mwema alijua mti upi umefikia kipimo, upi uachwe ukue, na upi usiguswe kabisa kwa sababu ndio mama wa miti mingine.

Ndugu msikilizaji, hapa hatuna budi kueleza jinsi mkoko unavyozaliwa, maana bila ya kulijua hilo, habari yote iliyobaki haitaeleweka. Jina la mikoko hukusanya miti ya aina mbalimbali: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi na mingineyo, nchini Kenya aina zake ni tisa. Mchu ukikatwa huchipua tena kutoka kisiki. Lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya buibui, ukikatwa shina hufa. Uzao wake hutegemea mbegu zake, nazo ni za ajabu: huota zingali zimening'inia mtini, zikawa kama vijiti virefu vya kijani, kisha hudondoka na kujichoma topeni, au hubebwa na maji mpaka zipate mahali pa kushika. Ikiwa miti mama imeachwa, tope litajazwa na miche bila ya mtu kushika jembe. Ikiwa eneo zima limefyekwa, hakuna mbegu. Jua hulikausha tope, chumvi huzidi, na hata miche ikiletwa kwa mkono huweza kufa yote. Mahali kama hapo huweza kukaa uwanda mtupu kwa miaka mingi.

Wakati wa ukoloni, mwaka 1932, misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Tangu hapo mkata boriti alihitaji kibali. Desturi iliyokuwa mikononi mwa vijiji ikawa karatasi mikononi mwa ofisi. Hatusemi kwamba karatasi ni mbaya. Msitu usio na sheria huliwa na wenye nguvu. Lakini ofisi ilihesabu korja zilizotoka na ushuru uliolipwa. Kazi ya kuhesabu miti mama iliyobaki ilimhitaji mtu wa kuingia topeni, na watu hao walikuwa ni wale wale wakataji, ambao sasa hawakuwa na sauti katika msitu wao. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo: sehemu nyingi miti iliyonyooka imekatwa, na iliyosalia ni ile iliyopinda, isiyofaa kwa boriti.

Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Wakati huo soko la Arabuni lilikuwa limekwisha kupungua, kwa kuwa utajiri wa mafuta uliingiza saruji na vyuma katika miji ya Ghuba. Amri hiyo iliuokoa msitu kwa kiasi, lakini pia ilikata mshipa wa biashara uliokuwa umeulisha mji kwa karne nyingi. Majahazi ya masafa yakatoweka, na vijana wengi wakahamia Mombasa.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani mji wenyewe. Mwaka 1986 mji mkongwe wa Lamu, eneo la takriban hekta 16, uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria za Kenya, na mwaka 2001 Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama mji wa Kiswahili wa kale zaidi na uliohifadhika vema zaidi katika Afrika ya Mashariki. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini orodha ya urithi hulinda mawe yaliyokwisha kusimama, haizalishi boriti. Dari ya boriti huliwa na mchwa na unyevu, nayo hudai kubadilishwa kila baada ya muda. Mwenye nyumba asipopata boriti hununua nondo na saruji. Hapo madhara huanza, kwa sababu chokaa ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa tena, ilhali saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikalila jiwe polepole. Nyumba ikifanyiwa ukarabati kwa saruji huonekana imara kwa miaka michache, kisha huanza kubomoka kutoka ndani.

Kwa hiyo basi, mji na msitu ni mwili mmoja. Haiwezekani kuufunga msitu kwa kufuli na wakati huo huo kuuagiza mji ubaki na sura yake ya asili. Vile vile haiwezekani kuuacha msitu ufyekwe na kutumaini kwamba visiwa vitabaki salama, kwa sababu mizizi ya mikoko ndiyo inayolishika tope lisichukuliwe na mawimbi, na ndiyo makao ya wachanga wa samaki, kamba na kaa ambao mvuvi huwategemea. Na kitu kingine kisichosahaulika ni vilima vya mchanga vya Shela, pale pale palipopiganwa vita tuliyoitaja. Chini ya mchanga ule mna maji matamu ambayo mji wa Lamu huyanywa. Mtu akijenga juu ya vilima hivyo, amejenga juu ya kisima cha mji.

Miaka ya karibuni imeleta majaribu mapya. Machi 1912 ingekuwa vigumu kwa mtu wa Lamu kuota juu ya jambo lililotokea miaka 100 baadaye: Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua ujenzi wa bandari kubwa, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la kuziunganisha nchi hizo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Hakuna awezaye kulilaumu taifa kwa kutaka bandari. Lamu yenyewe ilizaliwa na biashara ya bahari. Lakini uchimbaji wa mlango wa meli uliharibu mahali pa kuvulia, na sehemu ya mikoko ikaondolewa. Wenyeji walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, ikikaa Malindi, iliamua kwamba haki zao, ikiwa ni pamoja na haki ya utamaduni na ya mazingira safi, zilikuwa zimevunjwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Utekelezaji wake ulihitaji mazungumzo marefu. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la kisheria la mambo ya mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa katika eneo hilo hilo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kabla ya hapo kulikuwa na msiba wa aina nyingine, nao unawahusu ninyi askari moja kwa moja. Juni 2014 washambuliaji waliingia Mpeketoni na vijiji vya jirani, katika bara ya Lamu, wakaua watu zaidi ya 60. Serikali ya Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukazuiwa. Kila askari anaelewa sababu: mikondo ya mikoko ni mingi, ina kona nyingi, na mtu mwovu aweza kujificha humo. Lakini mvuvi wa Lamu huvua usiku, kwa sababu samaki wengine hupatikana usiku. Na mkata boriti hufuata maji, si saa ya ukutani. Bamvua likija usiku, naye husafiri usiku. Msitu ule ule uliomficha adui ulikuwa ndio jiko la mwananchi.

Hapo ndipo askari hukutana na mtihani wake halisi. Mashua yatokea gizani, imebeba miti. Je, aliyemo ni mwizi wa mali ya umma, ni adui, au ni baba wa watoto mwenye kibali mfukoni? Bunduki haiwezi kulijibu swali hilo. Hulijibu yule askari anayewajua watu wa kijiji, anayejua msimu wa kukata na msimu wa kuacha, na anayeaminiwa kiasi kwamba wazee humjia kumwambia, "Mwanangu, jana tumeona mashua tusiyoijua." Wataalamu wa ulinzi husema kwamba pwani ndefu hailindwi na askari peke yao. Hulindwa na macho ya watu waishio humo, na macho hayo hufumbwa siku ile watu wanapoona kwamba ulinzi umewanyang'anya riziki.

Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma. Mito ilikuwa imepungua maji, na uharibifu wa misitu ya milimani ulikuwa mkubwa. Lakini amri iliyotungwa kwa ajili ya milima ilifika mpaka topeni. Wakata boriti wa Lamu waliamka siku moja wakiwa hawana kazi, na wenye nyumba katika mji wa Urithi wa Dunia wakiwa hawana boriti za kuezekea. Mwaka 2019 uvunaji wa mikoko ya Lamu uliruhusiwa tena kwa masharti. Ni vema kwamba kosa lilisahihishwa. Lakini katika muda ule mfupi, ni nani aliyekuwa akiulinda msitu? Mkataji halali, aliyekuwa na sababu ya kumkemea mwizi, alikuwa ameondolewa. Mwizi hakuondoka, maana yeye hakuwa na kibali hata kabla ya amri.

Jambo hili si dogo. Kenya ina mikoko hekta zipatazo 61,000, na zaidi ya hekta 37,000 kati yake zimo Lamu. Ikipotea Lamu, imepotea zaidi ya nusu.

Je, yaliyoharibika yaweza kurudi? Naam, yaweza, na ushahidi uko karibu zaidi na mpaka wetu. Kusini mwa Mombasa, katika ghuba ya Gazi, mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Sehemu kubwa ikabaki uwanda mtupu, na mawimbi yakaanza kuila pwani. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya Kenya inayoshughulika na bahari na uvuvi, wakishirikiana na wanakijiji, walianza kupanda. Walijifunza kwa kukosea. Walijifunza kwamba kila aina ina mahali pake: mlilana huelekea baharini, mkoko hufuatia, mkandaa na mchu hukaa juu zaidi, na mche uliopandwa pasipo pake hufa hata ukipandwa kwa sherehe na hotuba. Walijifunza pia kwamba njia ya maji ikiwa imeziba, hapana budi izibuliwe kwanza.

Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza mpango uitwao Mikoko Pamoja, unaolinda na kustawisha hekta 117. Mikoko huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuihifadhi mbaoni na hasa topeni, na makampuni na watu wa nchi za nje hulipia kiasi kilichohifadhiwa. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 mpango huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, vilivyo mpakani kabisa na Tanzania, vilifuata mfano huo kwa hekta 460. Na huko Lamu kwenyewe, akina mama wa Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, wamejiunga katika kikundi na kupanda upya mahali palipofyekwa.

Yafaa tupime kwa uangalifu. Hekta 117 za Gazi ni kipande kidogo mbele ya hekta 37,000 za Lamu, na bei ya hewa ya ukaa hupangwa mbali, na watu wasioijua Gazi. Hatusemi kwamba hiyo ni dawa ya kila ugonjwa. Tunalolisema ni kwamba pale Gazi, mtu anayefaidika na mti ndiye aliyepewa wajibu wa kuulinda, na mtaalamu amekaa pamoja naye badala ya kukaa juu yake. Hali hiyo ndiyo iliyokosekana Lamu tangu mwaka 1932.

Vanga, tulikoutaja, watazamana na Jasini, upande wetu wa mpaka. Wanajeshi wasomao historia walijua jina hilo. Januari 1915 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana Jasini, na Waafrika wengi walikufa kwa ajili ya mpaka ambao hawakuuchora. Mikoko ya Jasini na ya Vanga haikuujua mpaka huo wakati ule, wala haiujui leo. Mbegu iliyodondoka Kenya huweza kuota Tanzania, na samaki aliyekulia katika mizizi ya upande mmoja huvuliwa upande wa pili. Polisi wa mpakani akizuia magendo ya mikoko upande huu, amemsaidia mwenzake wa upande ule.

Na sisi wenyewe tuna Lamu yetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na moja ya hatari hizo ilikuwa mawimbi yaliyokuwa yakiula ufuko chini ya Gereza la Kilwa. Mafundi walitengeneza kuta kwa chokaa, wanakijiji wakafundishwa kazi hiyo, na mikoko ikapandwa ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 magofu hayo yaliondolewa katika orodha ya hatari. Huko pia mti uliopandwa topeni umesaidia kuliokoa jiwe.

Ndugu askari, mikoko ya Tanzania Bara, kuanzia Tanga, kupitia Rufiji, hata Mtwara, ni hifadhi ya Serikali, na baadhi yenu mmepangiwa kazi karibu nayo. Mnapolinda mikondo hiyo, jifunzeni majina ya miti na nyakati za maji kama mjifunzavyo sehemu za silaha. Someni kibali kabla ya kumkamata mtu, na mkikiona kibali halali, mwacheni mwenye nacho aende kazini kwa heshima. Mkimkuta asiye nacho, akiwa ameangusha miti mama, sheria ifuate mkondo wake bila ya kutazama sura. Na kamanda anayejenga kituo pwani asifyeke mikoko ili apate kuiona bahari vizuri. Akifanya hivyo, baada ya miaka michache ataiona bahari ikiwa imeingia ndani ya kituo.

Wale walioteremka Shela yapata mwaka 1812 walikuwa na silaha na wingi wa watu. Waliowashinda walipigania mahali walipozaliwa, na bahari yao iliwasaidia. Miaka 200 baadaye Lamu ingali inapigania mahali pale pale, na safari hii ngome yake ya mbele ni ule msitu wa topeni. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba msitu huo waweza kuota tena. Nasi tulio upande huu wa mpaka, tusingoje mpaka wetu ufyekwe ndipo tujifunze kupanda.